Jenerali von Lettow-Vorbeck na Jihadi Isiyokuwa Jihadi

Watu wanaoichunguza dini ya Islam katika Shinyanga, Kahama na Geita huuliza mara nyingi juu ya jihadi. Wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa watu waliokuwa askari au wapagazi katika vita vya Wadachi, yaani Vita Kuu ya Kwanza iliyopiganwa katika nchi hii tangu 1914 hata 1918. Wamesikia kwamba katika vita hivyo Waislamu walitangaziwa jihadi, na kwamba babu zao waliufuata mwito huo. Basi huuliza: je, babu yetu alikufa shahidi? Swali hili si la mchezo, maana lahusu heshima ya wafu na imani ya walio hai. Nasi twaona kwamba haliwezi kujibiwa vyema mpaka kwanza ajulikane mtu aliyewaongoza askari hao, alikuwa nani na alipigania nini.

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, na ukoo wake ulikuwa wa mabwana wa Pomerania waliozoea kazi ya upanga tangu zamani. Mtoto alitiwa katika shule za kijeshi angali mdogo, akatoka huko akiwa ofisa kijana. Mwaka 1900 alipelekwa Uchina pamoja na majeshi ya Ulaya yaliyokwenda kuwavunja wale waliowaasi wageni.

Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi iitwayo leo Namibia. Hapa msomaji na asimame kidogo. Kamanda wake huko alikuwa Jenerali Lothar von Trotha, ambaye mwezi wa Oktoba mwaka huo alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Waherero walisukumwa jangwani na kuzuiliwa visima vya maji, na makumi ya maelfu wakafa, wanaume kwa wanawake na watoto. Lettow-Vorbeck alikuwa miongoni mwa maofisa waliomtumikia Trotha makao makuu. Baadaye alipigana na Wanama, akajeruhiwa jicho la kushoto mwaka 1906, akapelekwa Afrika ya Kusini kutibiwa. Wapo waandishi wa Ulaya waliomsifu kuwa shujaa asiye na doa, wakairuka sura hii ya maisha yake kana kwamba haikuwapo. Sisi hatuwezi kuiruka. Wala hatusemi kwamba amri ile aliitoa yeye.

Alifika Dar es Salaam mwezi wa Januari 1914 akiwa Luteni Kanali, kulichukua jeshi la koloni. Jeshi lenyewe halikuwa kubwa: Wajerumani kama 260 na askari Waafrika 2,472, katika kompania 14 zilizotawanyika nchi nzima. Alijifunza Kiswahili, akazunguka kuzikagua ngome. Vita vilipoanza Ulaya mwezi wa Agosti, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie vitani, kwa kutegemea mkataba wa Kongo wa 1885. Lettow-Vorbeck hakukubali. Yeye aliona kwamba kazi yake ni kuwavuta Waingereza wengi iwezekanavyo waje Afrika, ili wasiende kupigana Ulaya. Maneno haya machache ndiyo yaliyoamua maisha na mauti ya watu wetu kwa miaka minne. Nchi hii haikuwa nyumba ya kulindwa, ilikuwa chambo.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga na askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Wajerumani na askari wao hawakuzidi 1,000 hivi. Kwa muda wa siku chache Waingereza walishindwa vibaya, hata nyuki wa mashamba ya Tanga wakawashambulia, wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki na risasi 600,000. Watu wao waliokufa na kujeruhiwa walipita 800. Tangu siku ile jina la Lettow-Vorbeck likavuma.

Siku chache baada ya hapo, tarehe 14 Novemba, jihadi ilitangazwa mjini Istanbul kwa jina la Sultani wa Uturuki, aliyehesabiwa kuwa Khalifa wa Waislamu. Uturuki ilikuwa imeingia vitani upande wa Ujerumani. Habari hizo zilipofika katika koloni, serikali ya Kijerumani ilizieneza kwa Waislamu ili wawachukie Waingereza. Na hapo pana jambo la kushangaza. Mwaka 1908 serikali ile ile ilishtushwa mno na barua zilizosemekana kutoka Makka, ikaogopa Waislamu wataasi. Mwaka 1913, mwaka mmoja tu kabla ya vita, Gavana Schnee aliwapelekea maofisa wake maswali ya kuchunguza hatari ya Islam na namna ya kuizuia isienee. Waislamu waliokuwa hatari mwaka 1913 wakawa ndugu katika jihadi mwaka 1914! Ama kweli, mwenye haja hana chuki.

Tena, ni nani waliokuwa upande wa pili? Walikuwamo Wabaluchi na Wapunjabi Waislamu katika majeshi ya Bara Hindi. Walikuwamo Waislamu wengi katika jeshi la King's African Rifles. Mwislamu wa Tabora alimlenga bunduki Mwislamu wa Punjab, mmoja kwa ajili ya Kaisari wa Ujerumani na mwingine kwa ajili ya Mfalme wa Uingereza, na jioni kila mmoja akaelekea Kibla kile kile.

Kurani Tukufu imeruhusu vita kwa sharti lililo wazi. Wameruhusiwa kupigana wale waliodhulumiwa na kutolewa majumbani mwao bila haki, kwa sababu tu ya kusema kwamba Mola wao ni Mwenyezi Mungu. Na ruhusa hiyo imetolewa ili nyumba za ibada zisivunjwe, yakiwamo makanisa na masinagogi pamoja na misikiti. Katika koloni la Wajerumani mwaka 1914 hakuna Muingereza aliyekuja kumzuia mtu kuswali, wala Mjerumani hakupigana ili watu wapate kuswali. Seyidna Ahmad (a.s.) wa Qadian, Masihi Aliyeahidiwa, alikuwa amekwisha kuyafafanua haya mwaka 1900, miaka kumi na minne kabla ya tangazo la Istanbul, na wanazuoni wengi wakamlaumu. Waahmadiyya wachache kutoka Bara Hindi walikuwa wamefika pwani ya Afrika ya Mashariki tangu 1896 kwa kazi ya reli, lakini wakati wa vita mafundisho haya yalikuwa bado hayajaenea bara. Mbashiri wetu, Sheikh Mubarak Ahmad, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1934, na Tabora ndipo alipofanya makao.

Turudi kwa kamanda. Adui aliyekuwa mgeni zaidi machoni pa askari wake alitoka angani. Wajerumani walikuwa na ndege moja tu katika koloni, iliyoletwa kwa ajili ya maonyesho ya Dar es Salaam yaliyokusudiwa kufanyika Agosti 1914, nayo haikudumu. Waingereza, kinyume chake, walileta ndege zao Mafia, na katika siku za tarehe 6 na 11 Julai 1915 warukaji wao walizunguka juu ya delta ya Rufiji wakiwaelekeza wapiga mizinga ni wapi makombora yanaangukia. Kwa njia hiyo manowari ya Königsberg, iliyojificha katika mikoko kwa miezi mingi, iliharibiwa. Mabaharia wake waliiopoa mizinga yake 10, wakaiburura nchi kavu, na Lettow-Vorbeck akaitumia vitani. Mwaka 1916 Wabelgiji nao walirusha ndege zenye kutua majini katika Ziwa Tanganyika, wakaitupia Kigoma mabomu mwezi wa Juni. Jenerali Smuts alipoingia kutoka Kenya, naye alikuwa na ndege za kupeleleza na kutupa mabomu. Jeshi lisilo na ndege likajifunza kwenda usiku na kulala mchana chini ya miti.

Mwaka huo huo wa 1916 vita vilizifikia nchi za wasomaji wetu. Mwezi wa Julai Waingereza waliutwaa Mwanza kwa njia ya ziwa, kisha wakateremka kusini kupita Shinyanga. Wabelgiji walitoka Rwanda na Burundi, wakapita Biharamulo na kando ya ziwa, nchi ambazo sehemu yake sasa ni mikoa ya Geita na Kagera, wakielekea Tabora. Jenerali Wahle, mzee aliyekuwa amekwisha kustaafu, ndiye aliyeachiwa na Lettow-Vorbeck kuilinda sehemu hiyo ya magharibi. Tabora ilianguka mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Kabla ya kuondoka Wajerumani walikuwa wamepiga sarafu za dhahabu katika karakana ya reli pale pale Tabora, za rupia 15, zenye sura ya tembo. Zilikuwa 16,198 kwa jumla. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke huko Iramba, maana ile ya Geita ilikuwa bado haijachimbwa kwa mashine. Mgodi wake ulikuja kushamiri katika miaka ya 1930. Leo sarafu moja ya tembo huuzwa kwa bei kubwa sana minadani Ulaya. Mpagazi aliyekuwa akiipitia njia ya Shinyanga mwaka ule na mzigo kichwani hakuiona hata moja.

Haki yake Lettow-Vorbeck lazima apewe. Koloni lilifungiwa bahari, na meli mbili tu za msaada zilipenya, moja mwaka 1915 na nyingine 1916. Chini ya uongozi wake watu walifuma nguo wenyewe, wakatengeneza viatu, wakachemsha magome ya miti yaliyopandwa Amani wapate dawa ya homa. Dawa hiyo ilikuwa chungu mno, nao wakaipa jina la kamanda. Naye aliinywa, kwa kuwa malaria ilimpata mara nyingi. Alitembea kwa miguu pamoja na jeshi na kulala porini. Askari wake walimwona akikosa alichokosa askari, na hii ndiyo sababu kubwa iliyowafanya wengi wasimwache hata mambo yalipokuwa mabaya. Vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, vilikuwa vikali kupita vyote: Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 katika 4,900, na yeye zaidi ya 500. Alishinda, lakini baada ya ushindi wa namna hiyo alikuwa karibu kuishiwa risasi kabisa.

Huko Ujerumani waliliona hilo, wakaazimia kumpelekea msaada kwa njia ya anga. Tarehe 21 Novemba 1917, chombo kikubwa cha angani kilichojazwa gesi, aina ya Zeppelin, kiitwacho L59, kiliondoka Jambol nchini Bulgaria. Urefu wake ulikuwa mita 226. Kilikuwa na watu 22, nacho kilichukua tani 15 hivi za risasi, bunduki, bombomu na madawa. Kilikusudiwa kwenda bila kurudi. Kikifika, kingevunjwa: ngozi yake iwe mahema, kitambaa cha ndani kiwe bendeji. Nahodha wake, Ludwig Bockholt, alivuka bahari ya Mediterania, akapita juu ya jangwa la Misri na kuingia Sudani. Huko, usiku wa kuamkia tarehe 23, akapokea kwa simu ya upepo amri ya kurudi, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipoteza sehemu kubwa ya nyanda za Makonde, mahali alipotakiwa kushuka. Akageuza. Alitua Jambol tarehe 25 Novemba, baada ya kukaa angani muda wa saa 95 na kwenda kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Hakuna chombo kilichokuwa kimefanya hivyo kabla yake. Miezi michache baadaye, tarehe 7 Aprili 1918, L59 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, na Bockholt akafa na watu wake wote.

Siku ile ile ya 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck aliuvuka mto Ruvuma bila msaada wowote. Alikuwa amepunguza jeshi lake, akawaacha wagonjwa na majeruhi mikononi mwa Waingereza. Aliwapiga Wareno huko Ngomano, akajipatia kutoka kwao risasi, nguo na chakula ambavyo Zeppelin haikumletea. Kwa miezi kumi alizunguka Msumbiji akifukuzwa, akarudi tena kaskazini Septemba 1918, akapita Njombe na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Karibu na mto Chambeshi, katikati ya Novemba, ndipo alipopata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu avuke Ruvuma, aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake waliokuwa wakifuatana na jeshi.

Hizo ndizo sifa zake, na vitabu vyao vimejaa sifa hizo. Lakini jeshi lisilo na reli wala motokaa hubebwa vichwani mwa watu. Waingereza walichukua wapagazi zaidi ya milioni moja, na inakisiwa kwamba waliokufa upande wao peke yake walikaribia 100,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa kwa uangalifu, nao walikuwa wengi; walichukuliwa mashambani, Wasukuma na Wanyamwezi miongoni mwao, na aliyeanguka njiani aliachwa njiani. Ugogo ulipitiwa na majeshi yote mawili, kila moja likachukua ng'ombe na nafaka na vijana wenye nguvu. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, nayo inakisiwa iliua watu 30,000.

Hapa ndipo tunapoweza kumpima kamanda kwa kipimo cha Islam. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza kuwaua wanawake na watoto. Sayidna Abubakar (r.a.) alipolipeleka jeshi Sham aliliagiza lisikate miti yenye matunda, lisichinje mnyama wa watu ila kwa chakula cha lazima, wala lisiwaguse watawa katika nyumba zao. Kwa Khalifa yule mkulima alikuwa na haki hata vita vinapopita mlangoni pake. Katika vita vya Lettow-Vorbeck mkulima alikuwa ghala la kuchotwa, na jeshi lilipoondoka mahali lilijitahidi lisimwachie adui kitu. Na Waingereza walifanya vivyo hivyo. Hatumlaumu mmoja na kumsafisha mwingine.

Basi, kwa yule aulizaye juu ya babu yake, twasema hivi. Hali ya nafsi yake iko kwa Mwenyezi Mungu, ajuaye nia za watu. Huenda babu aliamini kweli kwamba anaitikia mwito wa dini, na Mola ni Mwingi wa rehema kwa aliyedanganywa. Huenda alilazimishwa, au alifuata mshahara wa kulisha watoto. Hayo yote si haki yetu kuyahukumu. Lakini vita vyenyewe havikuwa jihadi. Jihadi haitangazwi na serikali kwa manufaa yake na ya rafiki yake asiyeamini Islam, dhidi ya adui ambaye katika majeshi yake Waislamu ni wengi. Wala asiogope mtu kusema hivyo kwa kudhani kwamba anamvunjia babu heshima. Babu hakulitunga tangazo lile.

Lettow-Vorbeck alirudi Ujerumani mwaka 1919, akapokewa Berlin kwa shangwe. Mwaka uliofuata alijiingiza katika uasi wa maofisa dhidi ya serikali yao, ukashindwa, naye akatoka jeshini. Alikuwa mbunge tangu 1928 hata 1930. Hakukubali kumtumikia Hitler katika kazi ya ubalozi, ingawa utawala ule ulijifaidia kwa jina lake. Wanawe wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Pili, na vita vilipokwisha alikuwa maskini kiasi kwamba Smuts, adui yake wa zamani, alimpelekea chakula. Mwaka 1953, akiwa na miaka zaidi ya themanini, alifika tena Dar es Salaam, na askari wake wazee wakaja kumlaki. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964.

Mwaka huo bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari waliokuwa hai bado malimbikizo ya mshahara wao. Imeandikwa kwamba mlipaji alifungua ofisi ya muda huko Mwanza, na wazee wapatao 350 wakakusanyika. Wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za kijeshi vilivyochakaa, na wengi hawakuwa na kitu. Mlipaji aliwapa ufagio badala ya bunduki, mmoja mmoja, akaamrisha kwa Kijerumani: beba silaha, teremsha silaha. Miaka arobaini na sita ilikuwa imepita, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Wakalipwa. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Wapagazi hawakuwamo katika orodha.